Kukata Boriti Bila Kuumaliza Mkoko

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Unguja na Pemba ambao bado wanaingia mikokoni na maweni, yaani msitu unaoota juu ya mawe, kwa mahitaji ya kweli: anayejenga nyumba ya udongo au banda la ng'ombe, fundi anayetafuta mataruma (mbavu) ya dau, mama anayekwenda kuni, mkulima wa mwani anayehitaji vigingi, na mjumbe wa kamati ya shehia ambaye hana budi kuamua nani akate, akate wapi na akate kiasi gani. Haukusudii kumkataza mtu kukata. Visiwa hivi vimejengwa kwa boriti. Vyumba vingi vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko zilizobeba dari zake hazikuzidi sana urefu wa mita tatu, na majahazi yalizipeleka boriti kama hizo Arabuni miaka na miaka. Kinachotakiwa kurekebishwa ni namna tunavyokata.

Mtu akiingia katika mikoko iliyokatwa kwa muda mrefu hatakosa miti. Atakuta vijiti vingi vyembamba na miti mikubwa iliyopinda, lakini ule mti ulionyooka wa unene wa kati, unaofaa kwa boriti, hatauona kwa urahisi. Sababu yake ni kwamba kila mkataji, kwa miaka yote, amechagua mti wa aina hiyohiyo. Iliyopinda imeachwa, na kwa kuwa ndiyo iliyoachwa, ndiyo inayotoa mbegu za kizazi kinachofuata. Msitu wa namna hiyo ukiutazama kutoka baharini ni wa kijani na unapendeza, lakini hauwezi tena kumpa mtu nyumba. Kwa hiyo maelekezo yote yanayofuata yana lengo moja, nalo ni kuuacha msitu ukiwa na miti mizuri ya rika zote baada ya mkataji kuondoka.

Anza na hesabu ya nyumba

Makosa mengi hufanyika kabla ya mtu kushika panga. Anaingia mikokoni bila hesabu, anakata anachokiona, kisha nusu ya miti inabaki uani ikioza au inauzwa kwa bei ya kutupa. Ni bora kukaa kwanza na fundi, kuichora nyumba chini kwa kijiti, na kuhesabu kipande kwa kipande: nguzo za pembeni na za katikati, mwamba unaokaa juu yake, makombamoyo yanayoteremka kutoka kileleni, pau za kufungia makuti, na fito za ukuta zitakazokandikwa udongo.

Vipimo vya miti ya mikoko vinajulikana tangu zamani, ingawa hupishana kidogo kati ya bandari moja na nyingine. Kwa kawaida ufito hauzidi sentimita 4 za unene, upau uko kati ya 4 na 8, mazio ni kati ya 8 na 11 na nusu, boriti inaanzia hapo hadi karibu 14, na kinachozidi hapo ni nguzo. Ukiijua idadi unayohitaji katika kila kipimo, utaweza kuiandika katika maombi yako, na kamati itaweza kukujibu kwa uhakika.

Baada ya kuhesabu, pitia orodha yako mara ya pili na ujiulize ni kipande kipi kinachohitaji mkoko hasa. Nguzo inayosimama ardhini na mwamba wa nyumba iliyo karibu na bahari vinastahili mti mgumu wenye maganda yaliyojaa dawa ya asili inayowafukuza mchwa. Kombamoyo na upau, ambavyo viko juu na havigusi udongo, vinaweza kuwa vya mvinje au mkesha uliopandwa shambani, nyumba isipungukiwe na kitu.

Fito ndizo zinazohitaji kufikiriwa zaidi kuliko vyote. Ukuta wa nyumba ya kawaida ya udongo unakula fito kwa mamia, na watu huziona kuwa ni jambo dogo kwa sababu kila moja ni nyembamba na inakatwa kwa pigo moja la panga. Lakini ufito wa mkandaa ni mti mchanga ambao ungeachwa ungekuwa boriti. Anayekata boriti ishirini amechukua miti ishirini, na anayekata fito mia nne amechukua miti mia nne, tena miti ambayo ndiyo kwanza imevuka miaka ya hatari ya kuliwa na kaa na kung'olewa na mawimbi. Kwa hiyo fito za ukuta zitafutwe kwingine: matawi ya mikesha na mijohoro yanayopunguliwa shambani, mianzi iliyopasuliwa, au ukuta wenyewe ujengwe kwa mawe na udongo, kwani mawe ya maweni yako tele katika vijiji vingi vya mashariki na kusini ya Unguja. Kwa maoni yangu, kamati ya shehia ikiweza kufanya jambo moja tu mwaka huu, basi iondoe fito katika vibali vya mikoko.

Kuna na matumizi ya mjini ambayo hayana udhuru. Miti ya kupandia mafundi wanapopiga plasta, na ile inayosimamishwa chini ya mbao za zege hadi zege likauke, hutumika kwa wiki chache kisha hutupwa au kutiwa motoni. Mkandarasi anunue mivinje ya shambani kwa kazi hiyo, aitunze kivulini, na aihamishe kutoka jengo moja hadi jengine.

Ruhusa na mipaka

Misitu ya Zanzibar inasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na sheria hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa wanajamii kuingia makubaliano na Serikali ili wausimamie msitu wao wenyewe. Mradi wa Hifadhi ya Misitu ya Asili, uliojulikana kwa jina la HIMA na kuanza mwaka 2010, ulizisaidia shehia nyingi za Unguja na Pemba kutengeneza makubaliano hayo. Mahali yalipo, msitu umegawiwa: kuna sehemu isiyoguswa kabisa, na kuna sehemu ya matumizi ambayo wanakijiji wanaruhusiwa kuchukua mahitaji yao kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Nenda kwa sheha, ueleze haja yako, naye atakuunganisha na kamati ya uhifadhi. Chukua ile hesabu ya nyumba. Omba uoneshwe sehemu ya kukatia kwa miguu, usikubali kuelekezwa kwa kidole kutoka njiani, kwa sababu mpaka wa msitu mara nyingi ni jiwe au mti mkongwe ambao mgeni hawezi kuutambua. Kisha pata kibali cha ofisi ya misitu, na kama miti itasafirishwa kwa gari au kwa chombo, hakikisha kuwa kibali kinataja na usafirishaji. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na ndani ya msitu wa Ngezi huko Pemba, usiingie na panga kwa kutegemea kibali cha kijiji. Wanaoishi pembezoni mwa hifadhi hizo, kama watu wa Charawe, Ukongoroni na Makangale, wanaijua mipaka kuliko mtu yeyote, na inafaa kuwauliza wao kwanza.

Kuujua mti kabla ya kuupiga

Miti ya mikoko haifanani katika jambo lililo muhimu kuliko yote kwa mkataji, yaani kuchipua tena baada ya kukatwa. Ambaye hajui tofauti hii anaweza kukata kwa nia njema kabisa na bado akaacha makaburi.

Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao inayosimama juu ya tope kama miguu ya kaa, hauchipui kutoka kwenye kisiki. Macho ya kuchipua yako katika matawi machanga tu. Ukikata shina chini ya majani yaliyo hai, mti umekufa, na matao yake yatabaki yamesimama miaka kadhaa yakiwa mifupa mitupu. Muia, wenye mizizi inayojikunja kama magoti na maua yenye vikombe vyekundu, nao hautegemewi kuchipua. Mkandaa, ambao ndio unaopendwa kwa fito na mazio kwa sababu ya ugumu wake, huchipua kwa shida. Kwa miti hii mitatu, mkataji ahesabu kwamba kila pigo ni mti uliokwisha, na kitakachochukua nafasi yake ni mche utokanao na mbegu.

Mchu ni kinyume chake. Huu ndio mti wenye majani yaliyo meupe kwa chini, na vijiti vingi vinavyochomoza kutoka topeni kuuzunguka. Ukikatwa vizuri huchipua, na mara nyingi shina moja huwa mashina manne au matano. Mlilana, unaoota mbele kabisa kuelekea baharini, na mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, nao huchipua. Hata hivyo mlilana ni afadhali uachwe, kwa sababu ndio unaopokea mawimbi kabla ya miti mingine yote. Fundi wa dau anayetafuta taruma lililopinda kwa asili achukue tawi lenye pindo linalomfaa na kuliacha shina.

Ukuaji nao si wa kuharakisha. Katika shamba la mikoko lililopandwa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, ambako bahari na hali ya hewa havipishani sana na vyetu, miti iliyofikia umri wa miaka 12 ilikuwa na unene wa wastani wa sentimita 6 hivi. Maana yake ni kwamba baada ya miaka 12 ya kungoja mtu bado ana upau mkononi. Boriti ni kazi ya miaka mingi zaidi ya hiyo, na mjumbe wa kamati anayetia saini kibali cha boriti hamsini anatakiwa aukumbuke muda huo.

Siku ya kukata

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Katika siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kina inaweza kufika kama mita nne. Utafanya kazi kwenye tope tupu asubuhi, ukiuona kila mche ulipo, na jioni mtumbwi utaelea hadi ndani ya mikoko kupakia. Anayekata siku za maji mafu hulazimika kuburura miti masafa marefu topeni, na mti unaobururwa huvunja mizizi ya kupumulia na kulala juu ya miche kila unapopita. Nimewahi kuiona njia ya kubururia upande wa Micheweni, Pemba, iliyokuwa nyeupe kwa chumvi na ngumu kama sakafu, hali pande zake zote mbili miche ilikuwa imesongamana. Ukataji haukuwa mkubwa mahali pale. Uharibifu ulikuwa ni wa njia.

Ingia na msumeno wa mkono, panga la kukatia matawi, kamba, kipimo cha unene na chokaa au rangi ya kutia alama. Msumeno unakata sawa na haupotezi kipande cha shina kama shoka. Msumeno wa moto haufai mikokoni: unamfanya mtu mmoja akate kwa saa moja miti mingi kuliko kamati inavyoweza kukagua kwa siku nzima, na mafuta yake yanamwagika palepale wanapolelewa kamba na samaki wachanga.

Kabla ya kukata mti wowote, zungukeni eneo lote mlilopewa, mkataji na mjumbe wa kamati pamoja, na mtie alama miti ya kubaki. Wengi hutia alama miti ya kukatwa. Nashauri mfanye kinyume chake, kwa sababu anayelazimika kuchagua wa kubaki humtafuta aliye bora. Mti ulionyooka kuliko yote katika kila kikundi, wenye kichwa kipana na unaozaa mbegu, ndio utiwe alama ya kubaki, hata kama roho inauma. Huo ndio mzazi. Unaofuata kwa uzuri unaweza kukatwa.

Kwa kupunguza miti iliyosongamana iko njia rahisi inayotumika Matang, nchini Malaysia, ambako mikoko imekuwa ikivunwa kwa mpango tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mfanyakazi hubeba fimbo ya urefu wa mita 1.2, husimama kwenye mti mzuri, huizungusha fimbo pande zote, na kukata miti iliyo ndani ya mzunguko huo ili ule mmoja upate nafasi. Miti inapokuwa mikubwa zaidi hutumika fimbo ya mita 1.8. Matang ni msitu mkubwa wa biashara na mwisho wa mzunguko wa miaka 30 hukatwa wote, jambo ambalo sisi hatuna eneo la kulifanya. Lakini fimbo yao inatufaa sana. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuitumia sawasawa na ofisa wa misitu, na hakuna ubishi juu ya nani alikusudia nini. Itumieni pale tu mikoko ilipobanana, na miti mnayoitoa kwa njia hiyo ndiyo iwe mazio na pau za kijiji.

Mkoko ukatwe juu kidogo ya tao la juu kabisa la mizizi, na matao yaachwe mahali pake, kwa sababu yanaendelea kulishika tope na kuzizuia mbegu zinazoelea zisichukuliwe na maji. Mchu ukatwe kwa mshazari, kwenye kimo cha goti, ngozi isichanike, na kila mti ubakiwe na shina moja angalau lenye majani. Isipokuwa pale mnapopunguza kwa fimbo, usikate miti miwili iliyokaa jirani. Uwazi unaobaki usiwe mpana kuliko kichwa cha mti mmoja, kwa sababu tope likipigwa na jua mchana kutwa hukauka, chumvi hupanda, na mche mchanga hauwezi kushindana na hali hiyo. Ukingo wa mkondo wa maji, upana wa hatua kumi hivi kila upande, usiguswe hata kidogo.

Matawi mazito yabebeni kuwa kuni, na majani yatawanywe, yasirundikwe juu ya miche. Miti ihesabiwe kabla ya kupakiwa, mbele ya mjumbe, na idadi iandikwe katika daftari la kamati pamoja na unene wa kila kisiki kilichobaki.

Miche

Baada ya kukata, watu wengi hukimbilia kupanda. Kwanza angalia chini. Ikiwa wazazi waliachwa na njia ya maji haikuzibwa, mara nyingi utakuta miche ya kutosha imeshasimama yenyewe, na kazi yako ni kuilinda isikanyagwe na wachokoaji wa kaa na isiliwe na mbuzi.

Panapohitaji kupandwa, mbegu ya mkoko ichumwe mtini au iokotwe mara ileile inapoanguka. Ni ile ndefu ya kijani inayoning'inia kama kidole kirefu, nayo hufika sentimita 30 na zaidi. Itazame kwa karibu pale inapokutana na tunda: ikiwa imepevuka, utaona pete ya rangi ya manjano imejitokeza baina ya tunda na kidole. Ishike, uizungushe polepole. Ikiachia yenyewe, iko tayari, na ikigoma, iache. Kataa yenye tundu la mdudu au ncha iliyovunjika. Iweke kivulini ndani ya gunia lenye unyevu, uipande ndani ya siku chache, ncha chini, theluthi yake topeni, ikisimama wima, nafasi ya mita moja hadi mita moja na nusu kati ya mche na mche.

Mahali pa kupanda ni muhimu kuliko mikono ya kupandia. Miche mingi katika pwani za nchi nyingi imekufa kwa sababu ilipandwa kwenye uwanda wa mchanga au wa majani ya bahari ambako mikoko haijapata kuota. Mahali hapo panakaa ndani ya maji muda mrefu mno, na majani ya bahari yenyewe ni malisho ya samaki yasiyofaa kufukiwa. Panda pale ambapo kisiki kinakuonesha kuwa palikuwa na mti, na kila aina kwa zamu yake: mkoko kwenye tope laini linalofikiwa na maji ya kila siku, mkandaa nyuma yake palipo pakavu zaidi, mchu kuelekea nchi kavu ambako maji hufika siku za bamvua. Mahali ambapo mikoko ilifyekwa hadi maji ya chumvi yakaingia katika mabonde ya mpunga, kama ilivyotokea sehemu mbalimbali za Pemba, hakikisheni kwanza kuwa mikondo ya asili ya maji haikuzibwa na matuta au barabara, kwa sababu bila ya maji kuingia na kutoka hakuna mche utakaodumu.

Kuni, mkaa na chokaa

Msitu wa maweni una tabia nyingine. Udongo wake ni kidogo, uliojificha katika nyufa za mawe, lakini miti yake mingi huchipua vizuri kutoka kwenye kisiki, kwa sharti mbili: isichomwe moto na ipewe muda. Anayekata kuni akate kimo cha goti, aache visiki vichipue, na baada ya mwaka arudi kuchagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na kuyaondoa mengine. Eneo lililokatwa lipumzike miaka kadhaa kabla ya kuguswa tena. Moto wa kusafishia shamba ukivuka mpaka unaua visiki na kuunguza ule udongo mdogo uliopo, na vichaka hivyo ndimo anamojificha paa nunga, mnyama asiyepatikana katika sehemu nyingi za dunia.

Kuni ikatwe, ipasuliwe na ikaushwe kabla ya kutumika. Mti mbichi hupoteza sehemu ya moto wake kwa kuyachemsha maji yaliyo ndani yake. Jiko banifu la udongo, sufuria yenye kifuniko, na vifuu na makumbi ya nazi vinapunguza mzigo wa kichwani kuliko hotuba yoyote. Mkaa wa mikoko usipikwe. Tanuu la chokaa nalo linakula gari zima la kuni kwa mchomo mmoja. Wachomaji watumie magogo ya minazi mikongwe iliyokwisha kuzaa, na kamati isitoe kibali cha mti mbichi kwa kazi hiyo kwa hali yoyote.

Vigingi vya mwani vitolewe katika matawi ya mikesha, na vinapong'olewa vikaushwe na kutumika tena.

Ukindu, dawa na asali

Kwenye mkindu na mkoche huchukuliwa jani changa lisilofunguka, na hapo ndipo penye moyo wa mti. Chukua moja, acha linalofuata lifunguke, kisha urudi. Mti ulionyang'anywa majani machanga yote hudumaa, na ukili wake huwa mfupi usiofaa kwa mkeka mzuri. Ganda la dawa libanduliwe upande mmoja wa shina kwa ukanda mwembamba wa kwenda juu, usiozidi upana wa kiganja, kwa sababu mti uliobanduliwa ganda kuuzunguka hufa bila shaka. Mizizi ichimbwe pembeni, michache, na shimo lifukiwe. Mwenye kutaka asali aweke mizinga karibu na michu na mikandaa inapotoa maua. Kuchoma mti wenye pango ili kupata asali ya siku moja ni kuwapotezea nyuki nyumba na ndege makazi.

Shamba lako mwenyewe

Hakuna kibali kitakachoupumzisha mkoko kama shamba la mivinje nyuma ya nyumba. Mvinje unastahamili mchanga, upepo na chumvi, unarutubisha ardhi kwa mizizi yake, na hutoa miti ya kujengea ndani ya miaka michache. Upandwe mwanzoni mwa masika, mita mbili kwa mbili, usipandwe ndani ya mikoko wala juu ya mchanga wanapotagia kasa. Baada ya miaka miwili mitatu punguza iliyobanana. Hiyo ndiyo itakayokupa fito na pau. Mti ukishakatwa, umenywe ganda mara moja, ulowekwe katika maji ya bahari wiki kadhaa ili utomvu mtamu unaowavuta fukusi utoke, kisha ukaushwe kivulini ukiwa umelazwa juu ya mawe. Nguzo ya mvinje isizikwe udongoni. Isimamishwe juu ya jiwe au kitako cha zege ili mchwa asiifikie kwa siri.

Kila mwaka, baada ya mavuno ya masika kwisha, kamati ichukue daftari lake na kurudi mikokoni na kipimo. Ihesabu wazazi waliotiwa alama, iangalie kama miche imeuziba uwazi ulioachwa, na ipime unene wa visiki vya mwaka huo ikiulinganisha na wa mwaka uliopita. Unene wa visiki ukionekana unashuka, maana yake ni kwamba wakataji wameanza kuchukua miti ambayo haijafika. Eneo hilo lifungwe, sheha atangaze msikitini na barazani, na vibali vinavyofuata vielekezwe kwenye eneo jengine.